Maji ya Shaba na Mchicha wa Mzee Sadalla

Jumatatu, 15 Julai 1957

Daftari jipya. Naandika kwa herufi za Kizungu makusudi. Mama Mkubwa anasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu tu, na mengi ya humu yatamhusu.

Barua ya posa imefika. Alhamisi mjomba Mbaruku, ndiye mshenga wangu, alivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili akaipeleka Jangwani kwa Mzee Sadalla, kuniposea binti yake Zena. Jana kaitwa tena. Tulidhani ni jibu. Mama Mkubwa alikwisha kuanza kuhesabu sinia za kuazima kwa pilau ya harusi.

Mzee kampokea vizuri — kahawa, halua, habari za Idd. Barua ipo juu ya kabati, haijajibiwa. Kauliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba kwa maringo yake kasema yumo kiwandani kwa Bwana Kasmir, Mtaa wa Narung'ombe, wanachovya vyuma vinatoka vimevaa shaba. Mzee kainuka. Kamshika mjomba mkono mpaka bustanini, kamwonyesha matuta matatu ya mchicha. Majani ya njano, mizizi myeusi. Kamwambia mtaro unaopita hapo unatoka Narung'ombe, na kwamba barua itajibiwa mchicha ukiota.

Kwa hiyo nimeposa kwa mtu ambaye nimemuulia mchicha. Tangu mwaka jana tuongeze birika la pili la dawa ya kuchovyea, nasuuza vyuma asubuhi hadi jioni, maji nayamwaga mtaroni, wala sijapata kujiuliza yanakwenda wapi. Yanakwenda kwa baba mkwe.

Jumatano, 17 Julai

Bwana Afya kaja na baiskeli yake na soksi ndefu. Kachota maji ya mtaro kwenye kichupa, katia matone ya dawa inayonuka mpaka machozi yakanitoka. Maji yakawa buluu kama wino. Kaandika, kafunga kitabu. Malalamiko yameletwa ofisini na mkulima wa Jangwani, kasema. Mpaka Ijumaa tarehe 2 Agosti maji yawe safi, ama mlango utatiwa kufuli.

Mkulima wa Jangwani! Sikuthubutu kumwambia Bwana Kasmir kwamba namjua, na kwamba barua yangu ipo juu ya kabati lake. Kufuli likitiwa sina kazi, na asiye na kazi haozwi binti wa watu.

Bwana Kasmir ni Mchaga wa Kibosho, hapigi kelele. Akikasirika anafagia. Leo kafagia kiwanda, ua, na nusu ya barabara.

Jumamosi, 20 Julai

Katikati ya kufagia kalikumbuka pipa. Lipo stoo mwaka wa pili sasa, paka ndiye anayelilalia. Alilinunua Nairobi, alikokuwa akifanya kazi hii hii, tajiri wake alipofunga kiwanda. Tumelifungua. Ndani mna punje za kahawia, mviringo, ndogo kuliko ulezi, zina unyevunyevu na zinang'aa. Zina jina refu la Kiingereza. Sisi tumeziita shanga.

Bwana Kasmir kanieleza mara tatu, ya tatu nimeelewa. Maji ya shaba yakipita katikati yake, kila punje inashika shaba kidogo, na badala yake inaachia ukali wa tindikali. Zikishiba shaba unazikosha kwa asidi. Zinaitema, nasi tunairudisha birikani, shanga zinaanza upya. Hakuna kinachopotea. Alipofika hapo kwenye "hakuna kinachopotea" macho yalimlengalenga.

Tumechukua mtungi mkubwa wa kioo, ule unaokuja na asidi, tumeukata kitako na kuupindua shingo chini. Shingoni kitambaa na koki. Shanga ndani. Chini yake shimo la mawe ya matumbawe, yakate ule ukali kabla maji hayajaingia mtaroni.

Nyumbani nimemsimulia Mama Mkubwa. Kauliza mwanamume mzima kama Kasmir ana haja gani na shanga, na kama mkewe ana habari.

Jumatatu, 22 Julai

Tumefungua koki. Juu yameingia maji ya kibuluu, chini yametoka meupe. Bwana Kasmir kavua kofia.

Mimi siamini macho, naamini msumari. Ni njia yangu ya siku nyingi. Ukisugua msumari kwa jivu ukautia kwenye maji ya shaba, unatoka mwekundu, umejivika shaba wenyewe. Kwenye maji yasiyo na shaba haupati kitu, unakaa humo mpaka unashika kutu kama msumari wowote. Wa juu umekuwa mwekundu kabla kahawa yangu haijapoa. Wa chini, mpaka saa kumi, ulikuwa msumari tu. Nimeutia mfukoni, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naupapasa.

Alhamisi, 25 Julai

Nimemwona Zena sokoni. Alikuwa na bibi yake, wanauza mchicha. Nimemwamkia bibi, kaitikia, kisha kapatwa ghafla na shughuli ya kupanga mafungu upande wa pili. Mungu amzidishie.

Zena kasema mchicha huo si wao, wameuchukua kwa jirani. Wa kwao umekula shaba.

Nikamwambia tumepata dawa.

— Dawa gani?

— Shanga.

Kajiziba mdomo kwa buibui. Mabega yalikuwa yanatikisika.

— Hayo kamwambie baba mwenyewe, Abbasi. Mimi nisitumwe.

Nampenda. Basi, nimeandika.

Jumanne, 30 Julai

Shanga zinashiba. Zinageuka kijani kuanzia juu, na ukijani umeshuka mpaka karibu na shingo. Sasa zingehitaji kukoshwa, na asidi hakuna. Wakala anasema meli bado. Kila siku meli bado. Hiyo meli nadhani inakuja kwa miguu.

Tumepunguza kazi ili shanga zifike Ijumaa. Birika moja tu, vyuma vichache. Bwana Kasmir kapima kwa mkono: za kahawia zimebaki vidole vinne. Zitafika, kasema. Halafu kafagia.

Alhamisi, 1 Agosti

Mama Mkubwa kaja kiwandani na kikapu cha maandazi. Hajawahi. Kauzunguka mtungi, kautazama juu na chini, kaona na watu waliojazana dirishani. Maana sasa Narung'ombe yote inakuja kutazama maji yakigeuka. Uso ukamkunjamana. Kasema kitu kizuri hakiachwi wazi mbele ya macho ya watu namna ile. Nikamwambia hii ni kemia, Mama Mkubwa. Kasema hiyo kemia nayo ina wenye kuihusudu.

Nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi kashakwenda. Maandazi yalikuwa matamu.

Ijumaa, 2 Agosti

Nitaandika upesi, mkono usije ukakataa.

Saa tatu kaja Bwana Afya, na nyuma yake, kwa miguu, bakora mkononi, Mzee Sadalla. Kaitwa kama mlalamikaji. Nikamwambia shikamoo. Marahaba kaitikia akiuangalia mtungi.

Bwana Kasmir kaeleza yote vizuri. Mimi nikafungua koki. Nusu kikombe cha kwanza maji yakatoka meupe. Nikamtazama Mzee kidogo, kwa maringo, mjomba mtupu. Nilipogeuza macho kikombe kilikuwa buluu. Si kibuluu kile cha juu. Buluu nzito yenye ukijani, zaidi ya maji tuliyomimina! Bwana Afya hakufungua hata kichupa chake. Bwana Kasmir kautafuta ufagio kwa macho.

Mzee Sadalla kauchukua msumari wangu mmoja mezani, kautumbukiza, kautoa mwekundu. Kauangalia kwa utulivu. Kisha kasema, taratibu, kwamba kuna watu humwaga machafu wakapata machafu, na wapo wachache humwaga machafu wakapata masafi. Lakini kumwaga machafu ukapata machafu zaidi, ufundi huo ilibidi atembee mpaka Narung'ombe kuuona.

Bwana Afya kacheka. Na mimi nilicheka, sijui kwa nini, machozi yakiwa karibu.

Wametupa wiki tatu, kwa kuwa tumeonyesha nia. Mpaka tarehe 23. Baada ya hapo kufuli. Mzee kaomba misumari mitatu, kaifunga kwenye leso. Kasema atakuwa akitia mmoja kila Ijumaa kwenye mtaro, pale unapoingia bustanini kwake. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Kasema jibu langu asiulizwe yeye, iulizwe hiyo misumari.

Jumamosi, 3 Agosti

Jana nilirudi nyumbani sina uso. Mama Mkubwa kauliza mambo yamekwendaje. Nikamsimulia. Kasikiliza yote, halafu kauliza:

— Na chumvi yangu?

— Chumvi gani?

Pishi nzima! Chumvi ya mawe. Kaja nayo kikapuni chini ya maandazi, kaizungusha juu ya mtungi mara saba, katia dua, kaimimina yote. Ya kuondoa jicho. Dirisha lile, kasema, lilikuwa na macho ya kutosha kuua ng'ombe. Kwa hiyo usiku kucha shanga zililala kwenye maji ya chumvi.

 Huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Nikamwambia tu kwamba maji yametoka machafu mbele ya baba yake Zena. Wala hakushtuka. Kasema, si mlisema uchafu umo ndani ya shanga? Basi chumvi imeutoa. Mnalalamika nini?

Maneno hayo nimeamka nayo. Nikaenda kiwandani peke yangu. Nikausogelea mtungi.

Shanga ni za kahawia. Zote, juu mpaka shingoni, kama siku tulipofungua pipa! Nikamimina maji safi mpaka yale ya buluu yakaisha. Nikamimina maji ya shaba. Chini yakatoka meupe. Msumari ukabaki msumari.  Mama Mkubwa amezikosha.

Jumatatu, 5 Agosti

Kumwambia Bwana Kasmir ilikuwa kazi. Kwanza nilimwambia habari ya chumvi, kaenda kwenye ufagio. Kisha nikamwonyesha shanga, kasimama na ufagio mkononi. Kakileta kijitabu kilichokuja na pipa, kurasa zimegandana kwa unyevu. Kasoma kwa kidole nusu saa. Kumbe imo. Ukurasa wa mwisho kabisa: ukikosa asidi, chumvi nyingi iliyoyeyushwa nayo huitoa shaba.

— Nyinyi watu wa pwani mna bahati ya kukosea, kasema.

— Na nyinyi wa mlimani mna bahati ya kutuajiri.

Kacheka. Sijapata kuyaona meno yake yote siku moja.

Na kuna faida nyingine. Shanga zilizokoshwa kwa chumvi haziachii tindikali. Mawe ya matumbawe shimoni yalikuwa yakitoka povu kila tukifungua koki. Leo yametulia. Mtaro haupelekewi shaba wala ukali. Ila yale maji ya chumvi yaliyobeba shaba hatuwezi kuyarudisha birikani, yangeharibu dawa. Tunayaweka kwenye debe lenye vyuma vikuukuu, shaba inaganda kwenye vyuma, Bwana Kasmir anaikwangua na kuianika. Hakuna kinachopotea.

Alhamisi, 8 Agosti

Tumejaribu nusu pishi. Haikutosha, shanga zimebaki na ukijani. Pishi moja kamili, pishi ya Mama Mkubwa, ndiyo kipimo. Nyumbani hakukaliki. Kasema sasa kila siku ya kukosha aitwe, maana chumvi bila dua ni ya kupikia. Bwana Kasmir, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni, kasema aitwe.

Ijumaa, 9 Agosti

Mjomba kapita Jangwani baada ya sala. Msumari wa kwanza: mwekundu.

Nimeshindwa kula. Maji yetu ni masafi, nimeyapima asubuhi na jioni. Shaba inatoka wapi?

Jumapili, 11 Agosti

Nimeufuata mtaro kwa miguu kutoka mlangoni petu, natia misumari njiani. Jibu limo chini. Tope. Tope la mwaka mzima, lina rangi ya kijani ukilichimba, na maji masafi yakipita juu yake yanachafuka upya.

Kwa hiyo bwana harusi anachimba mtaro. Tumeanza leo, mimi na mjomba na mkokoteni wa kuazima, tope tunalirudisha uani kwa Bwana Kasmir. Mjomba kaja na kanzu. Nikamwambia avue. Kasema mshenga haonekani na singlendi karibu na nyumba ya mkwe. Kachimba na kanzu. Sasa ni kanzu ya rangi mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Kila siku baada ya kazi. Mikono imetoka malengelenge. Leo tumefika mwisho, tunapakana na bustani. Mzee Sadalla katoka, kakaa juu ya debe, katutazama muda mrefu. Nilingoja neno. Kasema kina ni kidogo upande wa kushoto.

Nikaongeza upande wa kushoto.

Kidogo tukaletewa kahawa. Aliyeileta aliweka sinia akageuka upesi, lakini niliziona nyayo zake, na nilisikia anacheka mlangoni. Kanzu ya mjomba, bila shaka. Au mimi. Vyovyote sawa.

Ijumaa, 16 Agosti

Msumari wa pili: mwekundu nchani tu. Mjomba kasema Mzee kauonyesha, kaurudisha kwenye leso.

Nchani tu!

Umebaki mmoja.

Jumatatu, 19 Agosti

Asidi imefika. Mitungi miwili. Wakala kaja mwenyewe kutupongeza kwa subira. Bwana Kasmir kamwambia airudishe, sisi tuna Mama Mkubwa.

Wakala kaandika jina hilo kwenye kitabu chake, akidhani ni kampuni.

Ijumaa, 23 Agosti

Bwana Afya kaja saa nne. Safari hii sikumtazama mtu, nilitazama kikombe. Meupe mwanzo, meupe mwisho. Matone yake kayatia, harufu ile ile, na maji yakabaki maji. Katia tena. Kaenda na mtaroni, kachota, katia. Kasema vizuri. Hati itatoka ofisini wiki ijayo, na mpaka itoke tusijione tumemaliza. Hata hivyo kampa mkono Bwana Kasmir. Mama Mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye stuli mlangoni tangu saa moja, kampa andazi.

Mzee Sadalla hakuja. Alikuwa na msumari wake wa tatu kule mwishoni.

Mimi nikamngoja mjomba. Kumbe mjomba yupo Magomeni tangu jana, anaezeka nyumba yake, na hakukumbuka kama leo ni Ijumaa. Siku zote ishirini na moja amekumbuka, leo kasahau. Sikulala vizuri hata mchana.

Jumamosi, 24 Agosti

Asubuhi kaja mtu kutoka Jangwani. Kaleta kapu la mchicha, teketeke, umechumwa kwa umande, na bahasha. Juu yake kwa herufi za Kiarabu: kwa mshenga, Mbaruku.

Siyo kwangu. Mama Mkubwa kaipokea kwa mikono miwili, kaiweka juu ya kabati, kavuta kiti, kakaa mbele yake. Jibu la posa halifunguliwi mpaka aliyeipeleka barua awepo. Nikamwambia mjomba yupo juu ya paa Magomeni na hashuki mpaka kesho. Kasema basi ni kesho. Nikamwambia yeye anajua kuzisoma herufi hizo. Kasema anajua na adabu pia.

Mchicha, nikasema, si ni jibu? Kasema mchicha ni mchicha, huenda ni wa jirani. Kweli. Hata Zena aliuza wa jirani.

Saa saba kaenda kuswali. Niliishika bahasha. Kuishika tu. Ni nzito upande mmoja. Nimepapasa: kitu kigumu, chembamba, urefu wa kidole, kina kichwa. Katia msumari ndani!

Nimeipeleka dirishani kwenye jua. Haionyeshi kitu, karatasi yake nene. Nikaigeuza. Mzee lazima aliutia ukiwa bado na maji, maana nyuma ya bahasha, mstari mzima wa ule msumari, karatasi imelowa ikakauka, na imeacha doa.

Doa la kahawia. La kutu.

Nimelitazama mpaka macho yameuma. Shaba haiachi doa kama hili. Au huacha? Msumari wenye shaba nao unaweza kushika kutu pembeni, ule wa wiki iliyopita ulikuwa mwekundu nchani tu. Kwa hiyo sijui. Nasema sijui, na nimepaka kutu kidogo kwenye ukurasa huu, hapa pembeni. Nimeiacha.

Mama Mkubwa amenikuta nayo. Nilidhani atanigombeza. Kaichukua, kaigeuza, kaliona doa. Kanitazama. Kairudisha juu ya kabati, kasema mpaka kesho, mjomba wako afike, na mimi nisiiguse tena, kisha kaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Namsikia kutoka hapa. Anahesabu sinia.